Kobe Aliyefungwa Kamba

Siku ya pili ya likizo ya Oktoba, kituo cha Datong
kimefurika kama sufuria ya uji iliyosahaulika motoni.
Mimi ndiye mkwe, basi mizigo ni yangu:
masanduku mawili, chupa ya chai,
mayai kumi na mawili ya kuchemsha
ambayo Mama Mkwe ameyahesabu mara tatu,
na blanketi, maana blanketi la watu haliamini.

Wenting anasinzia begani kwangu.
Miaomiao anatafuna mbegu za alizeti
na kila tukitoka kwenye handaki anauliza
kama ndiyo Pingyao.
"Bado," asema bibi yake. "Pingyao utaijua. Ni kobe."

Ndivyo wasemavyo wenyeji: mji ule ni kobe,
kichwa ni lango la kusini, mkia lango la kaskazini,
miguu ni malango manne, mawili huku na mawili kule,
na mguu mmoja wa nyuma wahenga waliufunga kamba
kwenye mnara wa mbali,
asije akaamka usiku akajiendea zake.

Mama Mkwe alijiendea zake. Ana miaka kumi na mitano,
juu ya lori tupu lililofuata makaa.
Hajarudi tangu siku hiyo, wala hakusema kwa nini,
nasi hatukuuliza: ukimya wake una mlango
na ufunguo anao yeye.
Mwezi jana tu, Wenting akipekua nyumba za wageni kwenye simu,
kidole cha mama kilishuka juu ya picha moja.
"Hiyo."

Ndani ya kuta, mtu juu ya mtu.
Wasichana wamekodi majoho ya hariri, chini wamevaa raba.
Siki inanukia hadi kooni.
Taa nyekundu kila kibaraza, ungedhani mji mzima unaoa.
Naburuta masanduku juu ya mawe, magurudumu yanalia
kata, kata, kata,
na Mama Mkwe yuko mbele, haulizi njia.
Kulia. Kushoto. Uchochoro. Akasimama.

Bwana Huo, mwenye nyumba, alitupokea kwa chai na historia.
"Dirisha hili, mama, lina miaka mia tatu.
Mbao zake zote ni za asili."
Mama Mkwe alilitazama
kama unavyomtazama mtu anayekudanganya kwa adabu.
"Zuri," akasema.
Akatoa pesa zake mwenyewe, akalipia chumba.

Saa nane za usiku niliamka, baridi imeingia.
Mlango wazi. Yeye amechuchumaa kizingitini
anapapasa mbao kama aliyedondosha sindano.
Nikamulika kwa simu.
Kishimo, cha kuenea kidole gumba.

"Hapa tulikuwa tukipasulia jozi, mimi na Fulan.
Baba alituchapa kwa ajili ya hiki kishimo.
Na dirisha lilikuwa gazeti. Kila kipupwe gazeti jipya.
Kusoma nilijifunzia hapo, jua likipenya,
herufi zimegeuka nyuma mbele."
Nikataka kuuliza Fulan ni nani.
"Usimwambie Wenting," akasema.
"Atalia, kisha atapiga picha."

Asubuhi alimbana Bwana Huo mlangoni:
"Punguza yuan ishirini. Dirisha lako halijafika hata miaka thelathini."
Jamaa akacheka, akaona hachekewi, akapunguza kumi.

Kwenye treni Miaomiao alikuwa na neno.
Alikuwa amezunguka ukuta mzima mkono mkononi na mama yake
na kamba hakuiona.
"Ilikatika, bibi?"
"Ipo," alisema Mama Mkwe, akimenya yai la mwisho.
"Ila ni ndefu."
Akalikata kwa uzi, akatazama nusu hizi mbili,
na ile yenye kiini kikubwa
akanipa mimi.